Baiskeli ya Mbio kwa Mfuko wa Kawaida

Baiskeli nyingi za mbio zinazouzwa Mombasa, Nairobi, Zanzibar na Dar es Salaam zimeshachosha miguu ya watu wengine kabla ya kufika bandarini. Zilitumika Uingereza, Ujerumani au Japan, zikavuliwa pedeli, zikageuzwa usukani na kupangwa ndani ya kontena pamoja na za watoto na zile za kikapu mbele. Baadhi ya zilizotoka Japan bado zina stika ya usajili kwenye fremu, maana sheria ya huko inamtaka mwenye baiskeli aiandikishe, ili ikiibwa ijulikane ni ya nani. Fundi huzifunga upya, akazijaza upepo, akazifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na jioni zikasimamishwa kando ya barabara zikimeremeta.

Mnunuzi wa mara ya kwanza akifika hapo hutazama rangi, jina lililoandikwa ubavuni na idadi ya gia. Kisha huuliza bei. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachomwambia kama baada ya miezi mitatu atakuwa bado anaendesha, au baiskeli itakuwa imeegemezwa ukutani nyuma ya nyumba, imeanikwa nguo.

Baiskeli inayozungumzwa hapa ni ile yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, tairi nyembamba, isiyo na keria wala madigadi. Wengi hudhani tofauti yake na Phoenix, au na lile dude jeusi ambalo Wakenya waliliita Black Mamba, ni wepesi tu. Phoenix ilitengenezwa ibebe: gunia la mkaa, mikungu ya ndizi, madumu ya maji, mama na mtoto wake. Uzito wake hufika kilo 20 na kuzidi, na mwendeshaji hukaa wima kifua kikipokea upepo wote. Baiskeli ya mbio imetengenezwa ipambane na upepo huo. Mtu akienda polepole hewa haimsumbui. Kasi ikipita kilomita 15 au 20 kwa saa kwenye tambarare, sehemu kubwa ya nguvu za miguu huishia kusukuma hewa, na kasi ikiongezeka maradufu ukinzani wa hewa huongezeka mara nne. Ndiyo maana mwendeshaji huinama mbele. Mkao huo ndio unaoleta sehemu kubwa ya mwendo.

Lakini ule wepesi ndio unaouzwa ghali. UCI, chama cha kimataifa cha mchezo wa baiskeli, hakiruhusu baiskeli ya mashindano ipungue kilo 6.8, na zile za timu kubwa za Ulaya zinazokaribia uzito huo huuzwa kwa zaidi ya dola 10,000. Baiskeli ya alumini ya kuanzia huwa na kilo 10 au 11. Sasa tupige hesabu ya dukani. Mwendeshaji wa kilo 70 akipanda mlima na ile ya kilo 11, jumla anapandisha kilo 81. Akipanda na ile ya kitajiri, anapandisha karibu kilo 77. Tofauti ni kama asilimia 5, na anayeanza anaweza kuipata kwa mazoezi ya miezi michache bila kutoa hata senti.

Ushahidi wa miguu upo karibu. Mwaka 2008 mpiga picha kutoka Singapore, Nicholas Leong, aliwapeleka Ufaransa Wakenya wawili, Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, wakapimwe kwenye Alpe d'Huez, mlima maarufu wa Tour de France wenye kona 21. Mmoja alikuwa mpiga kiwi viatu, mwingine akibeba abiria kwa baiskeli. Nderi alipanda kwa dakika 42 hivi, muda ambao waendeshaji wengi waliozaliwa na baiskeli za maana chini yao hawaugusi. Huko Kikuyu nako, nje kidogo ya Nairobi, David Kinjah ameilea klabu ya Safari Simbaz kwa miaka mingi. Vijana wake hujifunza kuendesha, na hujifunza pia kushika spana. Mmoja wa watoto waliopita mikononi mwake ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, ambaye baadaye alishinda Tour de France mara 4: 2013, 2015, 2016 na 2017.

Kwa hiyo bei ndogo si aibu wala si kikwazo. Kikwazo ni kununua baiskeli isiyokutosha.

Karibu kila kitu kwenye baiskeli hubadilishwa: tairi, cheni, kiti, usukani, breki, hata magurudumu. Fremu ikiwa kubwa au ndogo kupita kiasi, dawa yake ni kuiuza tu. Muuzaji atasema, "Kiti kinashushwa, bosi, usijali." Ni kweli kinashushwa, lakini bomba la juu halifupishwi. Mwendeshaji atabaki ameunyoshea usukani mikono iliyokakamaa, shingo ikimuuma kabla hajafika mbali. Baiskeli zilizotoka Uholanzi na Ujerumani mara nyingi zilikuwa za watu warefu, na mnunuzi wa kimo cha kawaida asipokuwa mwangalifu anaondoka na fremu ya jitu.

Kipimo chake hufanyika nyumbani, bila kifaa chochote cha duka. Mtu huvua viatu, husimama mgongo ukigusa ukuta, huweka kitabu kigumu katikati ya mapaja na kukivuta juu mpaka kibane, kisha mwenzake hupima kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Namba hiyo ikizidishwa kwa 0.67 hutoa makadirio ya kimo cha fremu, yaani urefu wa bomba linaloshika kiti. Mwenye mguu wa sentimita 80 atafute fremu ya 53 au 54. Fremu za kisasa ambazo bomba lake la juu limeteremka kuelekea nyuma huandikwa namba ndogo zaidi, kwa hiyo kwa hizo ni lazima apande na ajaribu. Akiwa ameshika raba za mikono ya breki, viwiko viwe vimekunjwa kidogo na mabega yasipande masikioni. Muuzaji asiyeruhusu baiskeli ijaribiwe hata mita mia anaficha kitu.

Namba ileile ya mguu inatoa na kimo cha kiti. Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara 3, ndiye aliyeitangaza hesabu hii: urefu wa mguu mara 0.883, kupima kutoka katikati ya krenki hadi juu ya kiti. Kwa mguu wa sentimita 80 ni sentimita 70 na nusu hivi. Wengi wetu tulijifunza kwenye baiskeli za baba zetu na tukazoea kiti cha chini ili miguu ifike ardhini, na mazoea hayo ndiyo chanzo cha magoti mengi yanayouma. Goti likiuma upande wa mbele, mara nyingi kiti kiko chini. Likiuma nyuma, kiko juu.

Baada ya kimo, malighafi. Fremu ya chuma ni nzito kidogo lakini ikipasuka fundi wa kuchomelea anaweza kuiokoa. Alumini haipati kutu kama chuma, ni nyepesi, na ndiyo iliyojaa sokoni, ila uchomeleaji wake unataka mashine na mtu anayeijua, na hata hapo hairudi kuwa na nguvu ya mwanzo. Karboni ya mtumba aiache anayeanza. Inaweza kuwa imepigwa mahali, ufa ukafichwa na rangi, na siku ya kuvunjika haitoi taarifa. Kwa chuma na alumini, vidole vipite taratibu chini ya bomba la juu na la chini, karibu na kichwa cha usukani. Rangi iliyojikunja au kijivimbe kidogo hapo ni dalili kwamba baiskeli iligonga kitu uso kwa uso. Bomba la kiti nalo lizungushwe na livutwe. Likiwa limegandamana na fremu, bei ishuke sana au mnunuzi aondoke zake.

Kwenye magurudumu kuna mtego mmoja ambao umewala wengi. Ubavuni mwa tairi pameandikwa namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 28-622. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha rimu inapokaa. Baiskeli za mbio za sasa ni 622. Baiskeli za zamani za Uingereza na Marekani, zile zinazoitwa za inchi 27, ni 630. Phoenix ya inchi 28 ni 635. Ulaya nako tairi ya 622 huandikwa inchi 28 vilevile, kwa hiyo dukani mtu akiomba "ishirini na nane" anaweza kupewa tairi isiyoingia kabisa, au mbaya zaidi, inayoingia kwa ulegevu na kuchomoka mteremkoni. Asome ile namba ndogo. Baiskeli ya 630 si mbaya, lakini tairi zake ni za kutafuta kwa tochi, na kabla ya kuinunua ni vizuri kuona kama breki zake zinaweza kushuka milimita 4 ili ziguse rimu ya 622.

Upana nao una jambo lake. Kwa miaka mingi waendeshaji waliamini tairi nyembamba iliyojazwa upepo mpaka ikawa ngumu ndiyo yenye kasi, na mitumba mingi bado ina tairi za milimita 23. Hata wa Tour de France wameshaziacha, wanatumia 28 na zaidi. Kwenye lami yetu yenye viraka, 28 ndiyo ya kuanzia, na 32 kama inapita chini ya breki bila kugusa. Mtu wa kilo 70 kwenye tairi ya 28 anatosheka na upepo wa 70 hadi 80 kwa kipimo cha PSI. Fundi aliyezoea kujaza mpaka 120 atashangaa, mwache ashangae.

Vali za tyubu hizi ni nyembamba, zenye kichwa kidogo kinachofunguliwa kwa vidole kabla ya kujaza. Pampu ya sheli haizishiki. Kuna kipande kidogo cha shaba kinachofungwa juu yake kuifanya ifanane na vali ya gari, na hakina bei ya kutisha. Ni bora kuwa navyo viwili, kwa sababu kimoja lazima kipotee. Wapo mafundi wanaoitanua tundu ya rimu kwa drili ili tyubu ya vali nene ipite. Rimu nyembamba haina nyama ya kutosha kwa upasuaji huo, na ni juu ya mteja kusimama pale na kukataa.

Cheni hupimwa kwa rula ya mtoto wa shule. Kila pini iko nusu inchi kutoka kwa mwenzake, kwa hiyo pini 25 zinazofuatana, kuanzia katikati ya ya kwanza hadi katikati ya ya mwisho, zinatakiwa zilale kwenye inchi 12 kamili. Pini ya mwisho ikiwa imepita alama kwa moja ya kumi na sita ya inchi, cheni ibadilishwe. Ikipita kwa moja ya nane, cheni hiyo imeshayala na meno ya nyuma, na kaseti nayo itanunuliwa. Kipimo hiki huchukua dakika moja na kinaweza kupunguza bei kuliko nusu saa ya kubembelezana. Ajabu ni kwamba wauzaji wachache sana wamewahi kumwona mteja akitoa rula.

Gia ndipo macho ya wengi yanapodanganyika. Idadi yake haina maana kubwa, swali ni gia nyepesi kuliko zote ni nyepesi kiasi gani. Zihesabiwe meno. Baiskeli ya zamani inaweza kuwa na meno 42 kwenye duara dogo la mbele na 23 kwenye kubwa la nyuma. Mzunguko mmoja wa pedeli hapo huisogeza karibu mita 4. Ya karibuni zaidi, yenye 34 mbele na 28 nyuma, husogea mita 2 na nusu hivi. Sasa barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto ina takriban kilomita 30 na hupanda karibu mita 1,000. Mwendeshaji anayezungusha pedeli mara 60 kwa dakika, atake asitake, kwa gia ile ya kwanza lazima aende kilomita 14 kwa saa, na asipoweza atashuka asukume. Kwa gia ya pili anapanda kwa kilomita 9, anahema lakini hasimami. Anayeishi Limuru, Kigali, Bukavu au Mbeya azihesabu meno kabla ya kutazama rangi. Wa Tanga mjini au Malindi anaweza kulipuuza jambo hili.

Hata mabingwa huona cha moto kwenye vilima. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabara yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kwa bara la Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5, Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda, na waliofika mwisho walikuwa waendeshaji 30 tu.

Vifaa vya gia na breki vya kampuni ya Shimano ndivyo vinavyoonekana zaidi, na vina ngazi zake: Claris chini, kisha Sora, Tiagra, 105, Ultegra na Dura-Ace kileleni. Anayeanza hana sababu ya kupanda juu ya Sora. Claris ina sproketi 8 nyuma, na cheni ya 8 ni nene, ni rahisi, hudumu na hupatikana. Kaseti ya 11 au 12 ikiisha, bei yake inaweza kumfanya mtu akumbuke kutembea kwa miguu.

Breki zina siri ya kontena. Baiskeli iliyotumika Uingereza au Japan kwa kawaida mkono wa kulia hukamata gurudumu la mbele. Iliyotoka Ufaransa, Ujerumani au Marekani, la mbele hukamatwa na mkono wa kushoto. Sokoni zinasimama bega kwa bega na hazina tangazo. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, na mtu anayeibana ghafla akidhani ni ya nyuma huruka juu ya usukani. Kwa hiyo kabla ya kupanda baiskeli yoyote ngeni ni kuibana na kuangalia ipi inafunga wapi, na fundi anaweza kuzigeuza waya zikafuata mazoea ya mwenyewe.

Pesa isiishie kwenye baiskeli. Mtumba unaoonekana mzima bado utahitaji waya mpya, raba za breki, grisi kwenye gololi za habu, na mara nyingi tairi zote mbili, kwa sababu raba iliyokaa miaka ghalani hupasuka ubavuni. Helmeti nayo inunuliwe mpya, yenye alama ya kipimo kama EN 1078 kwa ndani, maana helmeti iliyowahi kupokea pigo haifai tena hata kama kwa nje haina mkwaruzo. Mwenye kutenga pesa yote kwa ajili ya fremu nzuri na kuanza barabara na raba za breki zilizokauka amenunua ajali. Ni afadhali baiskeli ya robo tatu ya bajeti, na robo ibaki kwa fundi.

Huyo fundi anastahili kuchaguliwa kama baiskeli yenyewe. Fundi wa chini ya mwembe mwenye beseni la maji, msasa na solusheni anaziba pancha vizuri kuliko mtu yeyote, na kunyoosha rimu iliyokwenda kombo anakujua. Lakini deraila, gia za kwenye mikono ya breki na krenki za kisasa zinataka spana za elenki na mkono uliozoea. Swali rahisi la kumpima ni pedeli ya kushoto inafunguliwa upande gani. Anayejua atajibu bila kusita kwamba hesi zake ziko kinyume na za kulia. Anayeanza kutafuta nyundo, ashukuriwe na aachwe.

Mambo mengine ni ya mwenyewe nyumbani. Cheni haipakwi oili chafu ya gari, ambayo hushika mchanga na kuugeuza kuwa tupa inayosaga meno. Ioshwe kwa mafuta ya taa, ikaushwe kwa kitambaa, kisha idondoshewe tone moja la mafuta mepesi kwenye kila pini na yanayobaki juu yafutwe. Mafuta maalumu ya cheni ni bora, ya cherehani yanafaa kwa safari fupi za kiangazi. Kwa wakazi wa pwani, chumvi ya hewani hula cheni na nati hata baiskeli ikiwa imesimama, na ndiyo sababu huko huwezi kuiacha barazani.

Kuhusu kuendesha kwenyewe, kosa kubwa la wanaoanza ni gia nzito. Mtu huhisi anafanya kazi kweli pale paja linapokaza, kumbe anayachosha magoti. Mzunguko mzuri ni pedeli 70 hadi 90 kwa dakika, na huhesabiwa kwa saa ya mkononi: goti la kulia likipanda mara 40 ndani ya nusu dakika, hapo ni sawa. Mikono ikae juu ya raba za mikono ya breki muda mwingi. Ile sehemu ya chini ya pembe ni ya mteremkoni na ya upepo mkali, na kwa anayeanza inataka mazoea kabla ya kushikwa kwenye magari. Kaptula yenye sifongo huvaliwa bila nguo ya ndani. Wengi huona haya kuuliza hilo na kulipa kwa michubuko.

Saa ya kwanza barabarani inataka maji, kati ya nusu lita na robo tatu ya lita, na zaidi jua likiwa kali. Ndizi mbili mfukoni hutosha safari ya asubuhi. Vitumbua viwili havina ubaya.

Hatari kubwa ni magari, na wingi wake hautegemei ujuzi wa mwendeshaji. Njia za baiskeli zipo kando ya Thika Road jijini Nairobi na kando ya barabara ya mabasi yaendayo haraka Dar es Salaam, ila bodaboda, wachuuzi na magari yaliyoegeshwa huzifanya zao. Nje ya hapo, mwendeshaji hujiweka kama mita moja kutoka ukingoni. Akijibana kabisa pembezoni, atakutana na lami iliyomeguka, vipande vya chupa na vile vinyuzi vya chuma vya tairi za malori zilizopasuka, ambavyo huingia ndani ya tairi bila kuonekana na kutoboa tyubu mpya dakika kumi baada ya ile ya kwanza kuzibwa. Ndiyo maana kabla ya kurudisha tyubu ni lazima kupitisha kitambaa ndani ya tairi nzima. Vifuniko vya mitaro vyenye nafasi za urefu humeza tairi ya 28 bila shida. Daladala na matatu husimama bila taarifa, na dereva wake hamtazami mtu kwenye kioo. Na ule mchezo wa vijana wa kushikilia nyuma ya lori mlimani uachwe kabisa, maana lori likifunga breki hakuna pa kukimbilia.

Kenya, Uganda na Tanzania huendeshwa mkono wa kushoto. Mwendeshaji akivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda, au akiingia Burundi na Kongo, ni kulia. Kigali lakini ina zawadi yake kwa wanaoanza: Jumapili mbili kila mwezi baadhi ya barabara kuu hufungwa magari asubuhi, na watu hukimbia na kuendesha baiskeli bila honi nyuma yao. Miji mingine ya ukanda huu ingeweza kufanya hivyo wiki ijayo bila kujenga chochote.

Kwenye miji isiyo na ukarimu huo, jibu limekuwa ni kutoka alfajiri na kutoka na wenzako. Anayeendesha nyuma ya mwenzake hupunguziwa kazi ya upepo kwa robo, wakati mwingine hata theluthi, na kundi la watu sita wenye taa nyuma huonekana na dereva mapema kuliko mtu mmoja. Makundi haya yapo karibu kila mji mkubwa, mengi hayana ada, na mgeni mwenye mtumba wake hupokelewa vizuri mradi awe na helmeti na tyubu ya akiba.

Anayefikiria kununua na aamke Jumapili moja saa kumi na mbili asubuhi, asimame kwenye barabara inayotoka mjini, awasubiri waendeshaji hao wanaporudi na kusimama kunywa chai. Awe ameshaupima mguu wake na ana namba yake kwenye karatasi. Awaulize fremu zao ni za ngapi, wanapata wapi tairi, na nani anawatengenezea. Na siku akinunua, namba iliyogongwa chini ya krenki iandikwe kwenye risiti pamoja na jina la muuzaji, na picha ya namba hiyo ibaki kwenye simu. Muuzaji akikataa kuiandika, baiskeli hiyo ibaki kwake.